Mtu wa Mamba Hachoki

Palikuwa na tajiri mmoja kule Australia, jina lake Gordon Trask, mwenye ng'ombe wasiohesabika na klabu ya raga iitwayo Mamba. Ng'ombe aliwapumzisha. Wachezaji hakuwapumzisha. Timu ilipofungwa, hakuilaumu ratiba aliyoivuruga mwenyewe, wala zile mechi za kirafiki alizozipachika katikati ya juma ili wageni wake wa biashara wapate cha kutazama huku wakitafuna nyama choma. Alisema vijana wamelegea. Kisha akatoa amri: mikataba yote iandikwe upya na kiongezwe kifungu kimoja. Mtu wa Mamba hachoki. Atakayesikika akisema amechoka, awe nani awe nani, ameondoka klabuni siku hiyo hiyo, bila fidia wala kwaheri.

Kazi ya kuwatia wachezaji kalamu mkononi ikamwangukia meneja wa timu, Shivachi, mtu wa Kakamega. Yeye ndiye aliyepanga mazoezi, safari na mikataba. Alikwenda Australia ujanani akitaka kuwa nyota wa raga. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba katika uchezaji wake wote alidaka vitu viwili tu, mafua na lawama, na kwamba kocha alimpeleka ofisini kwa kuwaonea huruma watazamaji. Siku hizi tumbo lake lilitangulia kufika uwanjani, yeye akafuata. Alijicheka hivyo kila siku, kwa kuwa aligundua mapema kwamba mtu anayejicheka haogopwi, na asiyeogopwa huachwa aseme.

Lakini amri ile haikumchekesha. Taniela, mchezaji wa safu ya mbele aliyetoka visiwa vya Tonga, alikuwa amegongwa kichwa kwenye skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana bega kwa bega, na daktari alitaka apumzike. Kwa kifungu kile, Taniela alikuwa na njia mbili: aingie uwanjani huku dunia ikimzunguka, au aseme amechoka, apoteze kazi na kibali cha kukaa nchini. Kibali cha Shivachi nacho kilining'inia kwenye ajira hiyo hiyo. Akamlalamikia mkewe, Khasoa, kwamba anajionea aibu: tumbo lote hili, na ndani yake hamna ushujaa hata wa kujaza kijiko. Khasoa akamjibu kwamba yeye hakuolewa na shujaa, aliolewa na mdomo. Basi autumie.

Shivachi akaenda kwa Trask. Akakisifu kifungu mpaka kikakaribia kuota mbawa. Ila, akasema, vijana wananong'ona kwamba hii ni sheria ya vibarua, haimgusi mkubwa. Na mkubwa si ndiye anayejiita mchezaji wa kumi na sita wa Mamba, juu ya wale kumi na tano wa uwanjani? Akitangulia yeye kutia sahihi, mbele ya kikosi na waandishi wa habari, nani atabaki na la kusema? Trask akajiona tayari kwenye kurasa za mbele za magazeti. Akakubali kabla chai haijapoa.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Trask akatia sahihi kwa mbwembwe, kamera zikamulika, kisha akamnyooshea Taniela kalamu. Hapo Shivachi akainua mkono. Akaomba radhi. Alisema yeye ni mzito wa kuelewa, na ndiyo maana enzi zake hata mpira ulikuwa ukimpita. Ana maswali machache tu, asije akawapotosha vijana.

"Uliza," alisema Trask, akizitabasamia kamera.

"Mchezaji akisinzia kwenye ndege, amechoka?"

"Hapana. Amelala."

"Kilichomlaza ni nini?"

"Usiku."

"Ndege yetu inaondoka mchana, bwana."

"Basi asisinzie."

"Akipiga miayo?"

"Hiyo ni njaa."

"Akipiga miayo ameshiba?"

"Miayo ni miayo, Shivachi. Haina maana."

"Asante, bwana. Mimi yangu huwa nayo. Na akikaa chini mazoezini?"

"Anafunga kamba za viatu."

"Akilala chali?"

"Anazifunga vizuri zaidi."

"Kumbe. Basi mimi nilifunga kamba msimu mzima."

Waandishi wakacheka. Hata Taniela, aliyekuwa amekishika kichwa chake kama mtu aliyebeba mtungi, akatabasamu. Trask hakutabasamu tena. Shingo yake ilikuwa imeanza kuiva. Shivachi akazidi kuufanya uso wake uwe wa kijinga, kazi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, haikumgharimu jasho.

"Akihema, bwana?"

"Anapumua."

"Akihema kwa nguvu?"

"Anapumua kwa nguvu."

"Akihema, akakaa chini, akapiga miayo, akasinzia?"

"Basi yuko likizo. Umeelewa sasa?"

"Nusu, bwana. Ile nusu ya mwanzo imenitoka. Tuanze tena pale kwenye ndege. Mchezaji akisin—"

Trask akaipiga meza kwa kiganja, glasi zikaruka.

"Hatuanzi popote. Nimechoka na maswali yako, Shivachi. Nimechoka nawe kabisa."

Kalamu za waandishi zikaanza kukwaruza karatasi. Trask akautazama mkataba uliokuwa mbele yake, wino wa sahihi yake bado mbichi. Shivachi akavua kofia, akaikumbatia kifuani, akainama kwa heshima kadiri tumbo lilivyomruhusu.

"Pole sana, bwana. Tukuitie teksi, au tufute kifungu?"