Lango la Bwana Kigoda

Bwana Kigoda wa Morogoro alikuwa na kampuni ya michezo ya kompyuta, na maishani mwake hakuwahi kuchora hata kuku. Alipoona majina ya wafanyakazi watatu, Zamda, Mashauri na Nuswe, mwishoni mwa mchezo mpya, alimwita Zamda, fundi mkuu.

“Futa yote! Liandikwe jina langu peke yake, la sivyo katafute kazi kwingine.”

“Sawa, bosi,” Zamda alijibu, mpole kama bi harusi. “Ila mchezo huu unachezwa kwa sauti. Hutaki kuujaribu kwanza?”

“Nijaribu nini? Si wangu?”

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika, na jina la Kigoda likawaka ukutani, kubwa kama tangazo la soda. Akashika kipaza sauti, akamwongoza shujaa wake mpaka kwenye lango lenye makomeo matatu.

“Funguka!” Kimya. “Funguka, nimesema!” Wageni wakaanza kukohoa.

“Bosi, si umelitengeneza wewe?” Zamda aliuliza kutoka nyuma.

Kigoda jasho likamtoka. “Zamda, njoo hapa!” alifoka, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni. Komeo moja likaanguka. “Mashauri yuko wapi? Nuswe! Niokoeni, jamani!” Likaanguka la pili, likaanguka na la tatu, lango likawa wazi.

Mgeni rasmi akageuka. “Bwana Kigoda, hao uliowaita ni akina nani?”

“Ndio funguo, mheshimiwa,” Zamda alijibu. “Tulikatazwa kuandikwa. Kuitwa hatukukatazwa.”