Rangi Anazogeuza Mize

Isomeni hii niliyoandikiwa na mjukuu wangu mpaka mwisho, kisha mpelekeeni yeyote aliyenuniana na ndugu yake.

Wajukuu zangu wawili, Faki na mdogo wake wa kike Mize, kazi yao kuandika programu za kompyuta. Kompyuta yenyewe moja, wanapokezana. Walikuwa wanatengeneza programu ya kuwakumbusha kina mama siku ya chanjo za watoto wao.

Siku hiyo wakaja kwangu na hiyo kompyuta yao, wamevimba, hakuna anayemtazama mwenzake.

Kwangu kuna sharti. Anayeleta ugomvi hushika kazi huku anasema, maana nimeona mtu mwenye kazi mkononi hapigi kelele sana. Nikawamwagia ukindu wa mkeka, nilishautia rangi ila umechanganyikana.

"Nichambulieni. Kila rangi na fungu lake. Haya, Faki, sema."

"Bibi, huyu ananidharau! Maneno kwenye kompyuta yana rangi zake. Yaliyo sawa ya kijani, yenye kosa mekundu. Ndivyo ilivyokuja, ndivyo tulivyofundishwa. Yeye akiinuka tu kwenye kiti ameshazigeuza, buluu, manjano, kama keki ya harusi! Narudisha, anageuza. Narudisha, anageuza!"

"Kumbe maneno yana rangi?" nikauliza.

Mize akanifungulia. Jamani! Kioo cheusi ti, na maandishi yanawaka ndani yake kama shanga. Mimi kusoma sijui, lakini macho ninayo. Akabonyeza pahali pamoja, na yale mekundu yote, toka juu mpaka chini, yakawa manjano kwa mpigo! Mimi nikitaka kugeuza rangi ya mkeka nafumua wote, nachemsha upya. Nikakipapasa kile kioo. Mkono haukushika rangi.

"Na maneno yamegeuka?"

"Hata herufi moja, bibi. Rangi tu."

Subhanallah. Nikakaa kitako.

"Sasa kwa nini unazigeuza, mwanangu?"

Akainama. Anachambua ukindu tu.

"Umemwona?" Faki akadakia. "Hana jibu! Mimi nimechoka, bibi. Leo tunagawana. Kompyuta nabaki nayo mimi, yeye aende kwa shangazi, huko mjini Wete, akatafute kazi nyingine."

Mize chozi likamdondoka. Kazi ile anaipenda kuliko kula.

Nikafungua kinywa nimkemee Faki, na hapo hapo jicho likaangukia mafungu yake. Mize alikuwa na manne. Faki alikuwa na matatu. Ukindu mwekundu na wa kijani kauweka pamoja, kaunyoosha, kaufunga vizuri, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Faki, baba, nipe ukindu mwekundu."

Akanipa wa kijani. Bila wasiwasi, kama anayenipa maji ya kunywa.

"Na wa kijani?"

Akachomoa mwingine fungu lile lile. "Si huu, bibi? Mbona unaniuliza kama mtoto?"

 Nikamgeukia Mize.

"Ulijua?"

"Toka tuko wadogo, bibi. Mama akimtuma pilipili mbivu alikuwa anachuma na mbichi, anachapwa, anaitwa mzembe. Nikawa namvizia njiani, namchambulia kikapuni kabla hajafika. Na kwenye kompyuta ndiyo hivyo hivyo. Kosa jekundu kwake sawa na kijani, analipita. Juzi nusura watoto waitwe chanjo siku siyo. Nikaweka rangi anazoziona."

"Sasa mbona humwambii?"

"Ataona haya, bibi. Nikasema bora anione mimi mtundu."

Na mimi nikakumbuka. Siku ambazo rangi za Mize zinakaa, Faki ndiyo huja kujisifu kwangu kwamba kazi imemnyookea!

Faki akainuka. Akachukua ule ukindu, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu, akaenda nao dirishani. Akaugeuza. Akausogeza puani. Akaugeuza tena.

"Bibi," akasema, sauti ndogo. "Hizi ni rangi mbili?"

"Mbili, baba."

Akasimama pale. Dirisha moja, mwanga mmoja, na miaka yote tumekula sinia moja, kumbe anachokiona yeye sicho ninachokiona mimi. Mungu anajua kuficha vitu.

"Mize, kwa hiyo zile pilipili..."  Akamvutia dada yake kiti mbele ya kompyuta. "Weka rangi zako."

"Kama keki ya harusi?"

"Hata kama keki ya harusi, dada yangu."

Wakacheka wanalia. Mimi fungu lile la Faki sikulichambua. Nimelisuka vile vile lilivyo, nyekundu na kijani pamoja, na ndio mkeka ninaousalia sasa.

Funzo: Ndugu yako akigeuza kitu chako, kabla hujamfukuza, muulize ni jambo gani analohofia kwa ajili yako.