Maharage ya Hidaya

Maharage ya daftari hayaliwi na mbuzi. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo yule fundi anayedai hajakosea tangu azaliwe, mkacheka, halafu mkauliza: mbuzi gani, na daftari la nani? Haya, kaeni. Msemo huo chanzo chake ni hiki.

Kulikuwa na binti wa darasa la sita, Hidaya Shemdoe, katika shule moja ya milimani huko Usambara. Shule ilitangaza maonyesho ya sayansi, na mshindi angekwenda wilayani. Watoto wakaja na makubwa: huyu anataka kuunda helikopta, yule roboti wa kuteka maji. Mwalimu Kaniki aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Helikopta mtaniletea nikistaafu. Sasa hivi nataka swali dogo, linalojibika kwa rula na ndoo."

Hidaya akapata la kwake: je, maharage yanayomwagiliwa maji yaliyooshewa vyombo hukua sawa na yanayomwagiliwa maji safi? Mwalimu alifurahi mpaka akashika jembe mwenyewe, wakalima matuta mawili nyuma ya jiko la shule. Mpishi, Mama Singano, akakubali kumwagilia: tuta hili maji safi, lile maji ya vyombo. Hidaya akabaki na kazi moja tu, kupima kila asubuhi na kuandika.

Yalipochipua, siku nne alipima. Ya tano kulikuwa na matope. Ya sita alichelewa. Ya saba akajiambia kwamba maharage huota tu, yatazamwe yasitazamwe. Jumamosi moja akaketi nyumbani na rula yake, si ya kupimia bali ya kupigia mistari, akazijaza siku kumi na saba zilizobaki, mpaka ya ishirini na moja. Maji safi, sentimita moja kila siku. Maji ya vyombo, nusu. Ungedhani maharage hayo yalilelewa jeshini.

Siku ya maonyesho mwamuzi alikuwa bwana shamba mstaafu, Mzee Shekighenda. Alilipekua daftari taratibu.

"Hukukosa hata siku moja, binti?"

Kabla Hidaya hajafungua mdomo, Mwalimu Kaniki alishajibu. "Huyu? Hata moja, mzee. Namdhamini."

"Basi twende tukayaone."

Hidaya aliwafuata. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angetaka kuyaona maharage yenyewe. Nyuma ya jiko, tuta la maji ya vyombo lilikuwa limestawi, la kijani. La maji safi lilikuwa vigutu vitupu.

"Mama Singano, hapa pamepita nini?" mwalimu akauliza.

"Si mbuzi wa mlinzi? Alikuja ile siku ya tisa. Kala hili, lile kalinusa kaliacha. Nikadhani ndiyo sayansi yenyewe, nikaendelea kumwagilia vigutu."

Mzee akafungua daftari, akasoma kwa sauti. "Siku ya kumi na tano. Maji safi. Sentimita kumi na tano."

Mama Singano akalitazama daftari, akalitazama tuta. "Kumbe maharage ya daftari hayaliwi na mbuzi."

Watu wakacheka. Mwalimu Kaniki hakucheka. Alivua miwani akawa anaifuta, ingawa haikuwa na vumbi, na Hidaya alitamani angalau agombezwe.

"Mbuzi aliliacha lile kwa nini?" Mzee alimuuliza. "Sabuni? Chumvi? Hilo ndilo swali la kwenda wilayani, binti. Lilihitaji mstari mmoja tu: leo mbuzi amekula."

Katika uwanja mzima, aliyeiona sayansi kwa macho yake alikuwa mpishi, naye hakuwa na daftari.

"Mwalimu, nisamehe," alinong'ona.

"Nimekudhamini mbele za watu," mwalimu akasema polepole. "Mwambie mzee kwa mdomo wako. Ulipima siku ngapi?"

Hidaya akainua uso, macho yote yakiwa juu yake. "Nne."

Mzee akatoa kalamu, akazikata kumi na saba kwa mstari mmoja, akamrudishia daftari. "Hizi nne ni zako."

Hakwenda wilayani. Kilichokwenda mpaka huko, na kuvuka, ni maneno ya Mama Singano. Ndiyo maana mtu akikuletea habari iliyonyooka kupita kiasi, isiyo na hasara wala kosa, huna haja ya kubishana naye. Mwambie tu: maharage ya daftari hayaliwi na mbuzi.