Masizi ya Bibi Naetwe

Kabla hujafuta masizi, muulize mwenye moto.

Mmeyasikia maneno hayo asubuhi hii, Mama Mchungaji alipomnyang'anya mmoja wenu ufagio, na sasa mnataka kujua yametoka wapi. Wekeni ndoo chini. Juma lenu la huduma halitaharibika kwa kusikiliza kidogo. Methali hii haikuletwa na wageni. Ilizaliwa hapa hapa Upare, na walioizaa walikuwa vijana wa kanisa kama ninyi, wenye ndoo kama hizo na haraka kama hiyo.

Mvungwe ni kijiji cha juu kabisa, pale ambapo njia huchoka na kuwa kijia. Ukungu wa huko huingia nyumbani bila kupiga hodi. Hukaa, huota moto na wenyeji, hutoka unapopenda. Mtu akikuita kutoka ng'ambo ya shamba, sauti hufika kwanza, mwili hufuata.

Namkunda alipanda huko siku ya Jumatatu na wenzake kumi na mmoja, mwendo wa saa nne kutoka usharika wao wa barabarani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, naye ndiye katibu wa vijana. Juma lile la huduma alikuwa amelipanga yeye, tangu kuzibua mifereji hadi kuwatembelea wajane, na Jumapili angesimama mbele ya wageni wa jimbo kusoma taarifa. Taarifa hiyo alikuwa akiiota. Njia nzima, ukungu ukimlowesha kope, alisikia sauti yake mwenyewe ikisoma ndani ya kanisa lililonyamaza.

Jumatatu walizibua mifereji. Jumanne wakafika kwa Bibi Naetwe.

Bibi huyo alikuwa mjane, akiishi peke yake. Hawakumkuta. Jirani aliwaambia amekwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua, pale ng'ambo ya bonde, nyumba mnayoiona yenye mgomba mrefu. Angerudi Jumamosi.

"Tumsubiri?" aliuliza Mbonea, mwenyekiti wao, kijana mrefu mwenye utani usiokwisha.

"Tumfanyie kabla hajarudi," alisema Namkunda. "Aikute nyumba inang'aa. Hebu fikiria uso wake."

Wakafungua jiko. Lilikuwa jeusi. Kuta zilikuwa nyeusi, nguzo nyeusi, paa jeusi linalometameta kama ngozi ya kiboko aliyetoka majini. Juu ya mafiga matatu palikuwa na dari ya fito, na darini yamening'inia mahindi, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, yamefunikwa masizi hata huoni punje. Chini, moto ulikuwa umefukiwa majivuni, bado unapumua.

"Katibu," alisema Mbonea, "haya ni mahindi au ni makaa yaliyovaa nguo?"

"Maskini, anakula hivi hivi," Namkunda alisema. "Tuyashushe. Tuyaoshe."

"Yote?"

"Tuyaache machafu kwenye jiko safi?"

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na mwone jinsi lilivyofanyika kwa upendo. Waliumiminia maji moto uliofukiwa, ili chokaa ipate kukauka vizuri. Walisugua kuta, wakazipaka chokaa mara mbili. Mahindi waliyatia kwenye mabeseni kwa sabuni, na masizi yalipogoma wakayaloweka hadi kesho yake. Jumatano walikaa wakiyasugua, punje kwa punje, huku wakiimba sauti nne, na ukungu ukizirudisha sauti hizo kama kwamba kuna kwaya nyingine upande wa pili wa mlima.

Rangi zikatoka. Nyeupe kama jino la mtoto. Nyekundu ya udongo uliolowa. Na zambarau, zambarau ambayo Namkunda hakuwahi kuiona kwenye hindi lolote, ya kina, kama jioni iliyofungwa ndani ya punje. Alilishika hindi hilo muda mrefu. Alijiona kama mtu aliyechimba hazina gizani.

Waliyatandaza kwenye mikeka ndani ya jiko jeupe, wakaenda nyumba nyingine. Jua halikutoka Alhamisi. Halikutoka Ijumaa. Ukungu uliingia kwa Bibi Naetwe, ukakuta hakuna moto, ukalala juu ya mikeka.

Jumamosi asubuhi vijana wote walikusanyika uani kumpokea. Walimsikia kabla ya kumwona: fimbo, kikohozi, hatua. Kisha akatokea, mwanamke mdogo mwenye kanga mbili na kikapu. Alisimama mbele ya mlango wake mweupe akaangalia kushoto na kulia, kama aliyepotea njia. Halafu akasema, taratibu:

"Hodi wenyewe."

Vijana walicheka. Walidhani ni utani. Bibi hakucheka.

"Karibu kwako, Bibi," Namkunda alisema, akampokea kikapu. "Shikamoo. Sisi ni vijana wa usharika."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona nyumba hainukii?"

"Tumeisafisha, Bibi."

Akaingia. Aligusa ukuta, chokaa ikabaki kidoleni. Akatazama juu, darini. Palikuwa patupu. Akatazama chini, akaona mikeka, akakaa pale pale. Aliokota hindi la zambarau akabonyeza punje kwa ukucha. Ukucha ukazama. Aliokota jingine: punje zilikuwa zimepasuka, na mzizi mweupe, mwembamba kama uzi, unachungulia.

"Hii ni mbegu," alisema Bibi Naetwe.

Mbonea aliinama kuutazama ule mzizi.

"Siyo ya kula, mwanangu. Ni mbegu. Mama mkwe wangu alinikabidhi siku niliyoolewa, naye alikabidhiwa. Moshi huikausha. Masizi humzuia fukusi asiitoboe. Mvua ikimkosesha mtu mavuno hapa Mvungwe, mbegu anaifuata kwenye jiko hili. Yote ilikuwa hapa."

"Tulitaka kukusaidia, Bibi," Namkunda alisema.

"Najua. Naona mlivyochoka mikono. Mngeniuliza."

"Hukuwepo."

"Nilikuwa kule kwenye mgomba." Alinyoosha fimbo nje ya mlango. "Nusu saa kwa miguu. Mmetembea saa nne kuja kunisaidia, mkashindwa nusu saa kuja kuniuliza?"

Namkunda aliangalia chini. Sauti aliyokuwa akiiota, ile ya kusoma mbele ya wageni, ilikatika kichwani mwake kama uzi wa shanga. Mvua za kupandia zilikuwa bado majuma mawili. Mbegu iliyokwisha kuamka haisubiri majuma mawili. Aliuliza kwa sauti ndogo:

"Bibi, ikipandwa leo?"

"Leo ardhi ni kavu. Ukungu haulishi mzizi."

"Ikimwagiliwa?"

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtu. Kisha akamtuma jirani kwa wazee wa ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo maji yake hufunguliwa kwa zamu, kila kaya na siku yake. Siku ile haikuwa zamu ya Bibi Naetwe wala kesho yake. Lakini wazee waliposikia ni mbegu gani iliyolowa, wenye zamu waliziachia zamu zao, mmoja baada ya mwingine, bila kubishana. Hapo Namkunda ndipo alipoelewa ukubwa wa kitu alichokisugua kwa sabuni.

Walichagua punje zilizokuwa hai, wakazitupa zilizooza. Walipanda siku nzima, wamepiga magoti mstari mrefu ndani ya ukungu, kila mmoja akimwona jirani yake tu, hata ikawa kama shamba halina mwanzo wala mwisho. Bibi aliwasha moto upya. Moshi wa kwanza ulipogusa ukuta mweupe, alisema, "Haya, anza kazi," lakini hakusema na vijana.

Niwaambieni kabisa yaliyoipata mbegu ile, msije mkaniuliza. Namkunda hakushuka. Alikaa Mvungwe hadi mvua zilipoanza, akilala kwa Bibi, akifungulia maji na kuchota kwa ndoo pale ambapo mfereji haukufika. Nyeupe iliota vizuri. Nyekundu iliota nusu. Zambarau ilitoa miche minne, na yote minne ikanyauka. Mpaka leo hakuna hindi la zambarau Mvungwe. Bibi Naetwe hakumlaumu tena hata siku moja, na Namkunda alikuwa akisema kwamba heri angelaumiwa. Siku ya mavuno alirudi, wakapandisha mahindi darini pamoja. Bibi alishika ngazi, Namkunda akapanda, na aliposhuka uso wake ulikuwa mweusi tii. Hakuufuta hadi walipokwisha kula.

Lakini maneno yenyewe yalizaliwa kabla ya hapo, Jumapili ile ile ya wageni wa jimbo.

Mbonea ndiye aliyeshuka na wenzake alfajiri. Namkunda alimpa taarifa kwenye bahasha. Kanisa lilijaa. Wageni walikuwa viti vya mbele, na Mchungaji akatangaza kwamba sasa tutasikia matunda ya juma la huduma. Mbonea akasimama, akafungua bahasha, akatoa karatasi. Orodha nzima ilikuwa imekatwa kwa kalamu: mifereji mitatu, mstari, nyumba tisa, mstari, jiko la mjane, mistari miwili. Chini kabisa palikuwa na sentensi moja.

Mbonea, yule wa utani, aliisoma kimoyomoyo kwanza. Kisha akaisoma kwa sauti, akakunja karatasi, akakaa. Watu walidhani amepoteza kurasa nyingine. Mgeni mmoja akainama, akamwuliza Mchungaji, "Ndiyo taarifa yote?" Mchungaji akamtazama Mbonea. Mbonea akasimama tena na kusema, "Ndiyo yote, Mchungaji. Katibu amebaki kuifanyia kazi." Akairudia, safari hii polepole, hata walioketi mlangoni wakaibeba kwenda nayo nyumbani:

"Kabla hujafuta masizi, muulize mwenye moto."