Vidole Vinne vya Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na bao!
— Na komwe zake?
— Zimo mkononi!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe pale, acha kumfinya mwenzio.

Zamani hizo wanyama walipenda bao kuliko kulima, na fundi wa kuchonga mabao alikuwa mmoja tu, Kiboko. Safu nne, kila safu mashimo manane. Ukitaka bao, unampelekea mzigo wa nyasi mbichi. Akala, hakushiba. Akaacha kuchonga mabao ya zamani, akaleta ya mtindo mpya, mashimo membamba, komwe za zamani, zile mbegu za kuchezea, haziingii. Sasa ununue bao jipya na komwe mpya. Mizigo miwili! Mlafi yule, jamani!

Basi palikuwa na Fuko, kadogo, macho mabovu, lakini kwa kuchimba hana mpinzani. Bibi yake alikuwa na komwe sitini na nne alizoachiwa na marehemu Babu. Bao lao la zamani mchwa walilila lote. Tangu siku hiyo Bibi hali, hasemi. Anazitikisa tu komwe za Babu, cheke cheke cheke, machozi yanamtoka. Fuko moyo ukamuuma sana.

"Bibi," akauliza, "bao ni nini?"

"Ni ubao wenye mashimo."

"Na tukiuondoa ubao?"

Bibi akafikiri. "Yanabaki mashimo."

"Mashimo mimi nayaweza!"

Akaenda uwanjani kwa Nyati, ambako kila mnyama aliruhusiwa kuchimba apendavyo. Chimbu! Chimbu! Chimbu! Safu nne, kila safu mashimo manane. Bibi akaketi, akacheza, akacheka. Wenye komwe za zamani wote wakaja kuchimba ya kwao.

Kiboko akasikia. Akaandika waraka kwenye jani la mgomba, akampa Kunguru aupeleke kwa Nyati: "Safu nne za mashimo manane ni mali yangu. Yeyote atakayezitengeneza, azifute mwenyewe. Mimi, Kiboko."

Nyati akausoma, akamwita Fuko. "Mjukuu wangu Fuko, mimi na wewe hatuna ugomvi. Lakini waraka ni waraka." Akafukia yote, fuu! fuu! Hata mashimo ya Kanga ya kuogea vumbi akayafukia, eti nayo yalikuwa manne.

Bibi akanyamaza tena. Fuko akaenda kichuguuni kwa mchwa, wale wale waliokula bao. Walikuwa na aibu kidogo, wakasema, "Chimba hapa, ndugu yetu." Chimbu! Chimbu! Chimbu! Bibi akacheka tena.

Kiboko akapeleka waraka. Kunguru akarudi.

"Umefika?"

"Umefika, Mzee."

"Wamesemaje?"

"Wamesema mtamu. Wanaomba mwingine."

Akapeleka wa pili. Wakaula. Akapeleka wa tatu. Wakauliza kama kuna chumvi.

Hapo Kiboko akaja mwenyewe, Nyati na wanyama wengine wakamfuata kutazama, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Bibi akazikusanya komwe mbio mbio. Fuko naye aliogopa, tusidanganyane. Ndi! Kiboko akakanyaga. Ndi! Akakanyaga tena. Mashimo ya Fuko yakapotea yote.

Fuko akapapasa tope. Mguu mmoja, vidole vinne. Vidole vinne, mashimo manne. Akapapasa tena, akatabasamu.

"Mzee Kiboko, pale umebakiza."

Ndi!

"Na pale."

Ndi! Hadi nyayo nane zikapangika, nne huku, nne huku. Mashimo yamepinda kidogo, lakini hesabu yenyewe: thelathini na mawili!

"Bibi, lete komwe!"

"Nani kachimba haya?" Kiboko akanguruma.

"Sijui, Mzee, macho yangu mabovu. Nadhani ni mguu wa Tembo."

"Tembo! Tembo ana mguu kama kinu! Tazameni vidole hivi. Huu ni mguu wangu!"

"Wako kabisa?"

"Wangu! Nyote ni mashahidi!"

"Mzee Nyati," akasema Fuko kwa adabu, "hebu tukumbushe, waraka ulisemaje?"

Nyati akakohoa. "Yeyote atakayezitengeneza, azifute mwenyewe."

Kiboko akaanza kufuta. Ndi! Mashimo manne. Akafuta hayo manne. Ndi! Mengine manne. "Futa, Mzee," Fuko akamhimiza, "waraka ni waraka." Kufika alasiri mabao yalikuwa yametapakaa kutoka kichuguuni hadi mtoni, kila mnyama na lake, na Bibi anapiga kelele, "Nimekula nyumba yako, lile shimo lako kuu lenye komwe nyingi, mjukuu wangu!" Kisha akaomba uji. Akanywa mabakuli mawili.

Hadithi imeingia shimoni, nami nimeifukia.

Funzo lake, wanangu: kuiga kazi ya mtu ni vibaya, vibaya sana! Hadithi hii ni yangu peke yangu, niliisikia kwa shangazi yangu Mwanakombo, naye aliisikia sijui wapi. Ole wake atakayeisimulia kwao, nitamletea waraka. Na mkiisimulia, ile ndi! ndi! msiisahau, ndiyo inayowachekesha.