Mlio Uliozunguka Kichuguu

Paukwa!

"Pakawa!"

Hao wa karibu na mlango ugali wangu wanaula kwa nguvu, kujibu wanajibu kwa kunong'ona. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo sasa. Sogeeni motoni, lakini asiniguse mtu ungo, kunde hizi nazichambua tangu alasiri. Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na kichuguu. Kirefu, chekundu, kimesimama chini ya mti pembeni mwa shamba. Ndani yake palikuwa na mji wa mchwa. Nao mchwa, wajukuu zangu, hawana macho. Wakitaka kumjua mtu humnusa. Wakishamnusa, wamemjua.

"Hawaoni kabisa, bibi?"

Kabisa, Chande. Wewe unaona, na jana umeipita ndoo tupu mara tatu ukaniambia hukuiona.

Mji ule ulikuwa na watu wa kila kazi. Wapo waliotoka kuleta majani makavu. Wapo waliolima uyoga mle mle vyumbani, maana mchwa ni wakulima. Wapo askari wenye vichwa vikubwa. Na vyumba vyote vilikuwa na matundu ya hewa, marefu, yanapanda mpaka kileleni. Joto linatoka, ubaridi unaingia. Kwa matundu hayo mji mzima ulipumua.

Katika chumba cha watoto alikuwepo mlezi, jina lake Bi Mwantumu. Watoto wake walikuwa wengi, wadogo, weupe, laini. Kutwa anawalamba, anawageuza, anawalisha. Hakuwa na kingine duniani zaidi ya hao.

Na ng'ambo ya mfereji uliopita kando ya shamba waliishi siafu.

"Wale wanaouma wakang'ang'ania?"

Hao hao, Semeni. Siafu na mchwa hawapatani. Mwaka mmoja siafu waliingia kichuguu cha jirani asubuhi, jua halijawa kali, na hakubaki mtu humo wa kusimulia. Siwadanganyi kwamba siafu ni watu wema. Siafu ni siafu.

Kwa hiyo mchwa walijiwekea sheria. Askari akimhisi adui, hugonga kichwa ukutani: ko, ko, ko! Anayesikia naye hugonga, ili wa chumba cha pili asikie. Wa chumba cha pili humgongea wa tatu. Kuuliza hakuna. Ukisikia, gonga. Haya, gongeni sakafu nisikie.

"Ko, ko, ko!"

Polepole! Nyumba yangu ya udongo hii.

Basi mchana mmoja askari aliyeitwa Kibwana alikuwa zamu langoni. Ameshiba, jua kali, anasinzia. Mara, pu! Kishindo juu ya kichuguu. Kibwana akashtuka, kichwa kikapiga ukuta.

"Ko, ko, ko!"

Ndiyo. Askari wa chumba cha pili akasikia, akagonga. Wa tatu akasikia, akagonga. Mlio ukashuka kwa wakulima, ukapita kwa waleta majani, ukafika kwa walezi. Bi Mwantumu naye aligonga. Aligonga kuliko wote, maana alikuwa na watoto. Mlio ukaendelea, ukazunguka mji mzima, ukamrudia Kibwana mwenyewe kwa nyuma.

Kibwana akasema, "Lo! Kumbe kweli! Hata wa ndani wamewasikia!"

Akagonga tena, na safari hii hakuwa anasinzia.

Mkubwa wa askari alikuwa Jemadari Mbaraka. Akapaza sauti: "Siafu wanakuja! Zibeni milango yote! Asitoke mtu!"

Milango ikazibwa kwa udongo na mate. Kutoka kuleta majani kukakoma. Siku ya kwanza wakala. Siku ya pili wakala kidogo. Siku ya tatu wakaanza kutazamana vibaya, kama wangekuwa na macho. Siafu hawakuja.

Jemadari Mbaraka akasema, "Mmesikia kimya hicho? Wamejua tumejifungia, wameogopa."

Watu wakamshangilia. Wakajikunja wakalala na njaa zao.

Haya. Ukapita muda kidogo. Mji umefungwa, hakuna kazi, watu wamekaa tu wanasikiliza. Na mtu akikaa kusikiliza tu, hakosi la kusikia. Likaanguka jani moja kavu, likaingia kwenye tundu la hewa, likashuka likikwaruza: kwara, kwara, kwara.

"Siafu hao!"

Ni jani, Semeni, nimeshakwambia ni jani. Lakini wewe umesema kama alivyosema askari wa chini ya tundu lile. Akagonga.

"Ko, ko, ko!"

Wa pili akasikia, akagonga. Wa tatu akasikia, akagonga. Bi Mwantumu akasikia, akagonga. Mlio ukazunguka mji, ukamrudia yule yule aliyeanza, naye akatetemeka miguu yote sita. Jemadari Mbaraka akapaza sauti: "Wanashuka kutoka juu! Zibeni matundu ya hewa!"

"Bibi, kama watu wa stendi juzi! Redio ilisema huenda kukawa na vita, mafuta ya taa yakaisha dukani siku ile ile."

Mimi nasimulia mchwa, Chande. Habari za stendi muulize baba yako, yeye alirudi na madebe mawili.

Alikuwepo mkulima mmoja wa uyoga, Mzee Shomvi, ameshazeeka, pembe zake za kichwani zimekatika ncha. Akasema, "Jemadari, tukiziba matundu joto litakwenda wapi? Uyoga hauvumilii joto. Na sisi hatuvumilii."

Jemadari akamgeukia. "Mzee, wewe uko upande gani?"

"Upande wa uyoga."

"Nakuuliza, uko upande wetu au upande wa siafu?"

Mzee Shomvi akajibu kwamba yeye ni mchwa, baba yake mchwa, na amezaliwa humo humo ndani. Lakini swali likishaulizwa mbele za watu huwa halifutiki. Waliokuwa karibu naye wakajisogeza pembeni. Mzee akarudi kwenye uyoga wake. Bi Mwantumu alikuwepo. Alitaka kusema neno, akaogopa kukimbiwa na watu vile, naye akalimeza.

Matundu yakazibwa. Likazibwa la kwanza, likazibwa la pili, wakaziba mpaka likabaki moja tu, la chumba cha watoto. Hilo walimwachia Bi Mwantumu kwa kuwa aliwasihi sana.

Sasa joto likapanda. Mchwa wakawa wanatembea wanayumba. Na uyoga, kama alivyosema mzee, ukageuka mweusi, ukaoza. Ukawa unakatika vipande vipande na kuanguka chini, pwata, pwata.

"Hapo watagonga."

Umeshawajua. Haya, wasaidieni.

"Ko, ko, ko! Ko, ko, ko! Ko, ko..."

Inatosha! Mtanimwagia kunde. Waligonga hivyo hivyo, na hawakuacha. Mlio ukazunguka mara ya kwanza, ukazunguka mara ya pili, mpaka haikujulikana unaanzia wapi. "Wameingia! Siafu wamo ndani!" Jemadari akaamuru: "Tundu la mwisho nalo lizibwe!"

Bi Mwantumu akasimama chini ya tundu. Akasema, "Jemadari, nipe muda kidogo. Niende nikaulize nani amemnusa siafu. Nikimpata mmoja tu aliyemnusa, nitaliziba mimi mwenyewe kwa mdomo wangu."

Jemadari akasema, "Nenda, lakini fanya haraka."

Bi Mwantumu akaenda chumba cha kwanza. "Siafu umemnusa?"

"La, sikumnusa. Nimesikia mlio kutoka chumba cha pili."

Akaenda chumba cha pili. "Siafu umemnusa?"

"La, sikumnusa. Nimesikia mlio kutoka chumba cha tatu."

Akaenda chumba cha tatu, akaenda cha nne, akapita kwa wakulima na waleta majani. Kwa wote ni sikumnusa, kwa wote ni nimesikia. Akafika langoni kwa Kibwana. Kibwana yuko pale pale, kichwa kimevimba kwa kugonga.

"Kibwana, wewe ulikuwa wa kwanza siku ile. Siafu ulimnusa?"

"Sikumnusa, Bi Mwantumu. Nilisikia kishindo."

"Kishindo cha nani?"

Kibwana akasema polepole, "Palikuwa na harufu."

"Harufu gani?"

"Ya mbuzi."

"Mbuzi!"

Ndiyo, mbuzi. Msicheke. Mbuzi wa watu alipanda juu ya kichuguu kukata majani ya mti, akaweka kwato, pu, basi. Akashiba, akashuka, akaenda zake. Huyo mbuzi mpaka leo hajui lolote.

Bi Mwantumu akamwuliza, "Kwa nini hukusema?"

Kibwana akasema, "Nilitaka kusema. Lakini mlio ulikuwa umesharudi kutoka ndani, tena mkubwa kuliko wangu. Nikaona labda wenzangu wanajua nisichokijua."

Bi Mwantumu aligeuka akakimbia. Alikimbia chumba cha nne, cha tatu, cha pili, huku anasema, "Ni mbuzi! Ni mbuzi!" na milio inamfunika sauti. Akafika chumba cha watoto.

Tundu lilikuwa limeshazibwa. Jemadari hakungoja.

Joto mle lilikuwa la kuchemsha. Bi Mwantumu akapapasa watoto, akawakuta wamelegea. Akapanda ukutani akaanza kuutafuna ule udongo mbichi. Askari wawili wakamkamata miguu wamshushe. Hapo akatokea Kibwana, amemfuata mbio kutoka langoni, akaingiza kile kichwa chake kikubwa kati yao, akasema, "Mwacheni. Kama kuna wa kukamatwa ni mimi." Wakasita. Bi Mwantumu akatafuna, akatafuna, mdomo ukachubuka, udongo ukatoboka. Hewa ikaingia.

"Watoto wakapona?"

Waliokuwa chini ya tundu walijinyoosha, mmoja mmoja, wakapona. Waliokuwa pembeni hawakujinyoosha.

"Wote wa pembeni?"

Wote wa pembeni, Semeni.

Mchwa hawana makaburi. Wafu wao huwajenga ukutani. Anayekufa kwa maradhi au uzee hujengwa ukuta wa ndani, karibu na uyoga. Anayeuawa na adui hujengwa ukuta wa nje, upande anakotoka adui, ili kila apitaye amnuse na kukumbuka kisasi. Jemadari Mbaraka akaja akasimama mbele ya wale watoto. Akasema, "Wachukueni mkawajenge ukuta wa nje, upande wa mfereji. Hawa wameuliwa na siafu. Wakishajengwa tutatoka sote, tuvuke, tukapigane."

Watu wakapiga kelele, "Tuvuke! Tuvuke!" Walikuwa na njaa, walikuwa na joto, na sasa walikuwa na msiba. Wangevuka siku ile, nami nisingekuwa na mchwa wa kuwasimulia.

Bi Mwantumu alimwinua mtoto mmoja. Hakupiga kelele. Akasema, "Kabla hamjavuka, mnuseni."

Watu wakasita. Mchwa haambiwi kunusa akakataa. Akaja wa kwanza, akanusa, akarudi nyuma. Akaja wa pili, akanusa, akarudi nyuma. Akaja Mzee Shomvi, akanusa, akainamisha kichwa. Wakaja wakulima, wakaja waleta majani. Mwisho akaja Jemadari Mbaraka, akanusa muda mrefu kuliko wote.

"Ananuka siafu?" Bi Mwantumu akamwuliza.

Jemadari akanusa tena.

"Ananuka nini, Jemadari?"

"Udongo," akasema Jemadari. "Udongo na mate."

"Wa nani?"

Jemadari akasema kwa sauti ndogo sana, "Wetu."

Bi Mwantumu akasema, "Mimi niligonga. Mara zote niligonga, tena kwa nguvu, na sikumnusa mtu. Hawa watanuka mkono wangu mpaka kesho kutwa." Akaanza kulia, akalia mbele ya watu wote.

Hakuna aliyevuka mfereji. Wale watoto hawakujengwa ukuta wa nje, wala wa ndani. Bi Mwantumu aliwajenga kuzunguka mdomo wa tundu la hewa, mmoja ubavuni kwa mwenzake, kwa udongo wake mwenyewe. Tangu siku hiyo, anayepanda kuziba tundu lile hukutana nao kwanza. Huwanusa, akashuka.

"Na siafu, bibi? Walikuja?"

Siafu wapo ng'ambo ya mfereji, Chande. Wanakula mende na panzi wao. Huenda wakaja, huenda wasije, mimi sikuwauliza. Lakini sheria ya mchwa ilibadilika. Siku hizi askari akigonga, wa chumba cha pili humfuata kwanza akamwuliza, "Umemnusa?" Asipomnusa, mlio hukomea hapo.

Nanyi mkisikia watu wanapiga kelele kwamba adui anakuja, msicheke, maana maadui wapo. Lakini msipokee kelele mkaipeleka mbele kabla ya kumwuliza aliyewaletea ameijuaje. Nimewaambia. Ngano naitua hapo, mabega yameniuma, anayeitaka aibebe. Semeni, acha kulia sasa, njoo unishikie ungo.