Kinga Iliyomo Ndani ya Yai

Mtu mmoja wa Mikindani, jina lake Ntauka, alikuwa na mke na binti mmoja, na riziki yake ilikuwa mbali na wote wawili. Alikuwa mpishi katika meli ya watafiti iliyokwenda kusini kabisa mwa dunia, kwenye bahari ya barafu. Binti yake, Somoe, alizaliwa na ualbino, na jua la Mikindani halichagui ngozi.

Mkewe, Binti Lukanga, ndiye aliyelea. Alimshonea mtoto magauni ya mikono mirefu. Kazi za nje alimpa alfajiri, na jua likikolea alimweka ndani. Siku za kliniki ya ngozi alikwenda naye zahanati, akakaa na wanawake wenye watoto kama wake, akauliza, akasikiliza. Watu walimcheka kwamba anafunika mtoto kama chungu cha wali. Yeye aliendelea kushona. Ntauka, akimenya viazi huku meli ikipasua barafu, hakukumbuka chakula cha kwao kama alivyoikumbuka sauti ya mkewe ikitoka uani, kwa upole, tena na tena: Somoe, rudi kivulini.

Kisha Binti Lukanga akaugua, akafa. Mumewe hakuwahi maziko.

Alipoacha kazi na kurudi nyumbani kwa kudumu, alimkuta binti yake kwa shangazi, amekuwa msichana mkubwa, kichwa wazi, mikono wazi. Wenzake walikuwa wamemwambia anavaa kama kizee, na mama hayupo tena wa kumshika mkono. Mabega yalikuwa yamebabuka. Sikioni alikuwa na kidonda kisichopona. Shangazi alisema ameshasema mpaka maneno yamemwishia.

Ntauka hakukemea. Alikaa na binti yake nyuma ya nyumba, akamsimulia aliyoyaona. Alimwambia kwamba juu ya bahari ile, tabaka la hewa linalochuja ukali wa jua limekonda, na barafu ikiyeyuka mwanga huwaangukia viumbe laini waliozoea giza. Akamweleza juu ya mnyama wa baharini mwenye miiba, mviringo kama chungwa, anayeokota makombe na vipande vya mwani akajifunika mgongo, akatembea navyo hivyo hivyo. Akamweleza juu ya uduvi wanaozama chini mchana na kupanda usiku kutafuta chakula. Kisha akamwambia neno aliloambiwa na mama mmoja mtafiti: kwamba iko kinga nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo imo mwilini. Mnyama yule hawezi kuitengeneza mwenyewe. Huipata kwa kula mwani, na mama huihifadhi katika mayai yake, hata mtoto akatoka yaini ameshakingwa na mama asiyemjua.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kwa wawili hao kukaa pamoja na marehemu akiwa kati yao.

"Na kinga ya mama ikiisha, baba, mtoto anafanyaje?"

"Anakula alichokula mama yake, mwanangu."

Siku ya kliniki ilipofika, Somoe alijifunga mtandio, akaenda zahanati peke yake. Wanawake wa pale walimtambua, wakasogea, wakampa nafasi kwenye benchi. Mmoja alimweleza jinsi mama yake alivyokuja mara ya kwanza, analia, hajui hata namna ya kumshika mtoto; jinsi alivyofundishwa na wengine, kidogo kidogo, mpaka akawa yeye wa kufundisha. Somoe hakuyajua hayo. Alidhani mama yake alizaliwa shujaa.

Daktari alikata kipande cha sikio, akasema kidonda kile kilikuwa saratani iliyoanza, na angechelewa kidogo tu yangekuwa mengine. Somoe aliishi. Alikaa kwenye benchi lile miaka mingi, na kina mama wageni walipoingia na vichanga vyao vyeupe, yeye ndiye aliyewasogelea.

Nanyi mnaonisikiliza, mmefika hapa mkiwa mmekingwa na watu ambao wengi wao tumekwisha kuwazika. Je, leo mnakula nini, ili watakaotoka kwenu wasilikute jua wakiwa uchi?